Mpakani Busia: Urafiki, Sindano na Kinga ya Maradhi

Gombolola ya Sop-Sop, katika Wilaya ya Tororo nchini Uganda, ni nchi ya wakulima. Wakazi wake, ambao wengi wao ni wa kabila la Jopadhola, hulima muhogo, mtama na ulezi. Lakini mkulima wa sehemu hizo huenda ana mtoto aliyekwenda kutafuta kazi Malaba, ana shemeji abebaye mizigo Busia, na ana jirani avukaye kila mara kwenda kununua bidhaa upande wa Kenya. Watu hao hurudi nyumbani. Hurudi na sukari, sabuni na habari, na baadhi yao hurudi na maradhi. Ndiyo maana yeyote anayetaka kuzuia maradhi katika nchi hiyo ya mpakani hana budi kwanza kujua nani anamjua nani.

Busia ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Upande wa magharibi ni Uganda, ambako Wilaya ya Busia ilitengwa na Tororo mwaka 1997. Upande wa mashariki ni Kenya. Wateso na Wasamia wapo pande zote mbili, na harusi na matanga hayaulizi hati ya kusafiria. Jina la boda boda, linalotumika leo Afrika ya Mashariki nzima, lilizaliwa hapa, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria ili wawavushe kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo njia za panya hazikufa, na hakuna mwenyeji asiyezijua.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali zilijaribu kuuzuia ugonjwa kwenye lango. Madereva wa malori walipimwa Malaba na Busia, na misururu ya magari ikaenea kilomita nyingi barabarani. Kupima kulikuwa kwa lazima wakati ule, lakini jambo moja lilidhihirika. Dereva alipogeuzwa kuwa mtuhumiwa, wale waliokuwa wakimpikia chakula, wakimlaza na kumfulia nguo walitiwa hofu ya kusema kwamba wanamjua. Afisa wa afya aliyekaa langoni aliona lori, lakini hakuiona jamii inayoishi kando ya lori. Na maradhi yenyewe hupita katika jamii hiyo.

Somo hilo ni zito zaidi linapohusu maradhi yanayoenezwa kwa sindano. Heroini yenyewe haina virusi. Mtu anayejidunga mishipani haambukizwi UKIMWI wala homa ya ini na unga anaounyunyiza kijikoni. Huambukizwa na damu ya mwenzake iliyobaki ndani ya bomba la sindano. Damu hiyo, hata ikiwa tone lisiloonekana kwa macho, huweza kuhifadhi virusi hai kwa muda wa wiki kadhaa. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari wa kinga halihusu kiasi cha dawa ambacho mtu anatumia. Lahusu watu ambao huitumia pamoja naye.

Pwani ya Afrika ya Mashariki imelipata jibu la swali hilo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1980 heroini iliyoingia Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam ilikuwa ya rangi ya kahawia, na vijana waliivuta kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, ambayo huyeyuka upesi katika maji. Katika muda wa miaka michache tu vijana wa Malindi na Watamu waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga, na mmoja akamfundisha mwingine. Hapakuwa na chuo cha kufundisha jambo hilo wala tangazo la biashara. Kulikuwa na maskani, kulikuwa na marafiki waliokua pamoja, na hao walitosha.

Matokeo yalionekana katika maabara. Mjini Dar es Salaam, miongoni mwa waliokuwa wakijidunga ambao walipimwa katikati ya muongo wa 2000, asilimia 42 walikutwa na virusi vya UKIMWI, na wanawake walikuwa wameathirika kuliko wanaume. Zanzibar, ambako kwa jumla maambukizo miongoni mwa watu wazima hayafiki asilimia 1, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta asilimia 16 miongoni mwa wanaojidunga. Katika Kenya makadirio yaliyotolewa takribani mwaka 2011 yalikuwa asilimia 18.3, yaani karibu mara tatu ya kiwango cha watu wazima wote nchini.

Watu wasiolijua jambo hili hudhani kwamba kuchangia sindano ni uzembe au ujinga. Ukweli ni kwamba aghalabu ni matokeo ya umaskini na wema vikiwa pamoja. Wawili wasio na fedha za kutosha hununua kete moja kwa shirika, huiyeyusha katika kijiko kimoja, na hugawana. Anayeteswa na arosto, kwa kutapika, kutetemeka na maumivu ya mifupa, huombwa na mwenziwe apokee kwanza. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika juu ya desturi waliyoikuta Dar es Salaam miongoni mwa wanawake maskini wanaofanya biashara ya ngono. Aliyekwisha kujidunga alikuwa akivuta damu yake mwenyewe hadi ijae katika bomba, kisha humpa mwenzake asiye na fedha ili ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina heroini ya kutosha kumpunguzia mateso. Ni vigumu kupata njia ya hakika zaidi ya kuhamisha virusi kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Na ni vigumu vilevile kukataa kwamba kilichomsukuma yule mwanamke kilikuwa huruma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Tororo na Busia wanaweza kulielewa kwa wepesi kuliko wengi. Katika nchi ya Wateso na ya Jopadhola, wazee hukaa kukizunguka chungu cha pombe ya ulezi, na kila mmoja huinyonya kwa mrija wake mrefu. Mrija ni wa mtu mwenyewe, lakini chungu ni kimoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanaojidunga. Mtu anaweza kuwa na sindano yake mpya, akajiona yu salama, ilhali kijiko, maji na pamba ya kuchujia ni vya wote. Virusi vya homa ya ini aina ya C ni vigumu kufa na huambukiza kwa kiasi kidogo sana cha damu, kwa hiyo hupita katika chungu hata pale mirija isipochangiwa. Mpango wa kinga unaogawa sindano pekee, bila ya maji safi na vijiko, umeifanya kazi nusu.

Si kila mtu katika mtandao wa namna hiyo yumo hatarini kwa kadiri moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Samuel Friedman na wenzake walichunguza wanaojidunga katika mtaa wa Bushwick, mjini New York. Walikuta kwamba waliokuwa katikati ya kundi kubwa lililoungana, wale wenye wenzi wengi ambao nao wana wenzi wengi, ndio walioambukizwa zaidi, kuliko wale waliokaa pembezoni wawili wawili. Mtu mmoja aunganishaye makundi mawili huweza kuwa daraja la virusi. Lakini mtu huyohuyo, madhali anajulikana na kuaminiwa pande zote mbili, huweza kuwa daraja la elimu. Katika mji wa mpakani watu wa namna hiyo ni wengi mno: utingo wa lori, mwenye chumba cha kulala wageni, mchuuzi anayelala leo Busia ya Kenya na kesho Malaba ya Uganda.

Wazo la kwamba watumiaji wenyewe waweza kuwa askari wa kinga halikuanzia katika ofisi za serikali. Mjini Rotterdam, Uholanzi, waraibu waliunda chama chao katika miaka ya 1970. Mwaka 1984 chama cha namna hiyo mjini Amsterdam kiliitaka idara ya afya ibadilishane sindano chafu kwa safi, na hofu yao wakati huo ilikuwa homa ya ini aina ya B. Habari za UKIMWI zilikuwa bado changa. Idara ikakubali. Mjini Edinburgh, Uskoti, mambo yalikwenda kinyume. Polisi walizinyang'anya sindano, maduka ya dawa yakaacha kuziuza, na wanaojidunga wakabaki kuchangia zile chache zilizopatikana. Taarifa ya madaktari iliyochapishwa mwaka 1986 ilionyesha kwamba katika zahanati moja mjini humo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na virusi. Dawa ya kulevya ilikuwa ileile katika miji yote miwili.

Afrika ya Mashariki ilichelewa, lakini haikukaa kimya. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ambayo huondoa arosto na kumwezesha mtu kuacha sindano. Kenya ilifuata katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata huko Pwani; Kisumu nayo ikapata kliniki yake. Zanzibar, ambako waliopata nafuu walikwisha kuanzisha nyumba zao za kusaidiana tangu mwaka 2009, ilifungua huduma ya methadoni mwaka 2015. Uganda ilianza mwaka 2020 katika Hospitali ya Butabika, Kampala.

Ugawaji wa sindano ulikuwa na njia ngumu zaidi. Serikali ya Kenya ilipotangaza mpango huo mwaka 2012, viongozi wa dini wa Pwani waliupinga, wakisema kwamba ni kuhalalisha uovu. Upinzani huo haukuwa wa kubezwa, kwa maana ulitoka kwa watu waliokuwa wakizika vijana wao. Lakini yafaa ikumbukwe yaliyotokea Mombasa kabla ya hapo. Mwisho wa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011 msako mkali uliifanya heroini iadimike mjini kwa wiki nyingi. Waliokuwa wakijidunga hawakuacha. Waliugua arosto mitaani, na wengine wakajidunga vitu vingine walivyovipata. Unga uliondoka, na uraibu ukabaki.

Kwa upande wa Zanzibar, uchunguzi uliorudiwa mwaka 2012 ulikuta kwamba maambukizo miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa asilimia 11.3, kutoka zile 16 za mwaka 2007. Si haki kuupa mpango mmoja sifa yote ya punguzo hilo. Bali laonyesha kwamba kiwango hicho si ajali ya maumbile isiyoweza kushuka.

Bila shaka Busia si Mombasa. Vilevi vinavyoonekana zaidi kandokando ya barabara ya Tororo ni pombe, miraa na bangi. Lakini mihadarati, kama ilivyo bidhaa nyingine ya magendo, hufuata barabara, na barabara itokayo bandari ya Mombasa kwenda Kampala hupita hapa. Malindi ilionyesha kwamba kutoka moshi hadi sindano ni safari ya miaka michache. Mtandao wa marafiki upo kabla ya unga kufika. Unga ukifika hukuta njia imekwisha kufyekwa. Kwa sababu hiyo wakati wa kuwajua vijana wa vijiweni ni kabla, wakati bado hawana la kuficha.

Na sehemu hizi zina ujuzi wao wenyewe katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1998 watafiti Edward Miguel na Michael Kremer, pamoja na shirika moja la Kiholanzi, walitoa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, katika Wilaya ya Busia ya wakati huo nchini Kenya. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, na hata watoto wasiomeza dawa walipungukiwa na minyoo, kwa sababu wenzao hawakuwa tena wakichafua udongo. Mwaka 2015 wataalamu wa London walizipiga upya hesabu hizo, wakakuta makosa na wakabishana na watafiti kwa ukali. Lakini kiini cha jambo, yaani kwamba kumtibu mmoja ni kumkinga jirani yake, hakikuhitaji Busia ili kijulikane.

Kilichokuwa kipya ni kitu kingine, na ndicho kinachoihusu habari hii. Watafiti hao waliwauliza wazazi majina ya marafiki na jamaa zao, wakatazama kama watoto wa marafiki hao walisoma katika shule zilizotangulia kupata dawa. Ilitarajiwa kwamba mzazi mwenye marafiki wengi wa namna hiyo angekuwa mwepesi zaidi kukubali dawa. Ikawa kinyume. Mwenye marafiki wengi waliokwisha kuijua dawa ndiye aliyekuwa mzito. Huenda rafiki alimweleza kwamba mtoto aliumwa na tumbo baada ya kumeza. Huenda alimweleza kwamba hakuona faida kubwa nyumbani kwake, kwa vile faida ilitawanyika kijiji kizima. Na wazazi wa baadhi ya shule walipotakiwa mwaka 2001 kuchangia malipo madogo, watoto waliomeza dawa walishuka kutoka takribani robo tatu hadi chini ya moja ya tano. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na kazi ya Busia ilikuwa sehemu ya sababu.

Wapangaji wa kinga hupenda kusema kwamba ukimfundisha mmoja atawafundisha kumi. Wazazi wa Budalangi na Funyula walionyesha kwamba rafiki husema anachokiona, wala hasemi anachotakiwa kukisema. Kijana akienda kuchukua sindano safi akakamatwa mlangoni, kijiwe kizima kitajua kabla ya jua kuchwa, na mwelimishaji rika hatakuwa na la kuwaambia. Akihudumiwa kwa heshima, akapimwa na akatibiwa kidonda chake, habari hiyo nayo itakwenda kwa miguu ileile.

Upande wa Tororo kuna mfano wa namna hiyo ya pili. Mwaka 2003, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipokuwa bado adimu vijijini, mpango wa huduma ya nyumbani ulianzishwa katika wilaya za Tororo na Busia kwa ushirikiano wa TASO, chama kilichoundwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake. Watumishi wasio madaktari walipanda pikipiki wakapeleka dawa mlangoni mwa mgonjwa kila wiki. Mgonjwa alichagua mtu wake wa kumkumbusha kumeza, na jamaa wote wa nyumba walipewa nafasi ya kupimwa. Karibu wote walikubali. Vifo miongoni mwa wagonjwa vilipungua kupita kiasi ambacho wengi walikitarajia kwa kijiji cha mbali na hospitali. Kilichopatikana pale ni kuaminiwa: pikipiki ilisimama nje ya nyumba kila wiki, majirani wakaiona, na mwishowe wakazoea.

Lakini jamaa wa nyumba moja ni mtandao ulio halali machoni pa watu. Mtandao wa wanaojidunga umo gizani, na sheria huusukuma ndani zaidi. Uganda ilipitisha sheria kali ya dawa za kulevya mwaka 2015. Mahakama ya Katiba iliitangua Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila ya akidi, na kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa na wakulima na wafanyabiashara wa miraa. Bunge likapitisha sheria nyingine mwaka huohuo. Katika mabadiliko hayo yote, mazungumzo ya hadhara yalihusu zaidi miraa, bangi na vifungo. Sindano ilitajwa kwa nadra.

Kisha, Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 ya mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kazi hiyo kabisa. Katika Kenya na Uganda vituo vingi vilivyokuwa vikiwahudumia watu walio katika hatari kubwa vilifungwa au vikapunguza kazi, na waelimishaji rika wakawa wa kwanza kuachishwa, kwa kuwa posho zao zilitoka huko. Jengo la zahanati hubaki hata mfadhili akiondoka. Mwelimishaji rika hana jengo. Alichokuwa nacho ni majina, sura na sehemu za kukutania, na akienda kutafuta kibarua kwingine huondoka navyo.

Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Tororo hadi Butabika, huduma hiyo ilikoanzia nchini Uganda, ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Busia hadi Kisumu ni karibu zaidi, lakini kuna mpaka katikati, na kadi ya mgonjwa wa nchi moja haimfungulii mlango wa nchi ya pili. Mawaziri wa afya wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara juu ya maradhi ya mlipuko, na malori siku hizi hukaguliwa mara moja tu. Mgonjwa bado hukaguliwa mara mbili.